Shingo Ngumu au Feni

Watu walimwita Mstari, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Nywele anaweza kuzipunguza yeyote mwenye mashine na umeme, lakini ule mstari wa mbele, unaokata juu ya paji la uso kutoka upande hadi upande, ndio unaomtenganisha kinyozi na mbabaishaji. Yeye aliupitisha kwa wembe mtupu, kwa mkupuo mmoja, bila kupima wala kuweka alama, huku akibishana na mteja kuhusu mambo yasiyomhusu hata kidogo. Mstari ulitoka umenyooka mpaka unakera. Wanaume waliondoka kwenye kiti chake wakijipapasa paji la uso na kujitazama kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa nje, na wengine walirudi kabla nywele hazijaota, kwa hamu tu ya kushikwa kichwa na mtu anayejua anachofanya.

Alikuwa mbishi. Tena ubishi wake haukuwa wa kutafuta ukweli, ulikuwa wa kutafuta ushindi. Ukimwambia jua limechomoza, atakuuliza umejuaje na wewe ndiyo kwanza umeamka. Mkewe, Mungu amrehemu, alizoea kusema kwamba huyu mume wangu atabishana hata na wachimba kaburi lake kuhusu urefu wa shimo. Mke ndiye aliyetangulia, baada ya kuugua kwa muda mrefu, na siku ya maziko Mstari hakubishana na mtu. Alisimama pale walipomwambia asimame, akaenda walipomwambia aende.

Walijaliwa mtoto mmoja, binti, ambaye Mstari alimwita Mama kwa kuwa alibeba jina la mama yake Mstari. Binti huyo alikuwa na ndoto moja tangu utotoni, kufungua injini za ndege na kuzifunga tena zikaruka. Akapata chuo, mbali, safari ya siku nzima kutoka nyumbani. Hata hajazoea kitanda cha bwenini, mama yake akaanguka. Hakumuuliza mtu ushauri. Alifunga begi akarudi, akamwogesha mama, akamgeuza kitandani, akamlisha kwa kijiko mpaka kijiko kikakosa kazi. Baadaye Mstari alikwenda naye chuoni kumwombea arudishwe. Mkuu wa chuo, mtu mpole lakini asiyezunguka, akamrudisha, kisha akawaambia wote wawili ana kwa ana kwamba akiondoka tena, kwa sababu yoyote ile, mlango huo umefungwa.

Siku hiyo, wakiwa nje ya ofisi ile, Mstari alijiapiza moyoni. Hata nikianguka barabarani, hata nikiokotwa na wapita njia, mtoto huyu hatarudi nyumbani kuniuguza mimi. Ameshampa mama yake ujana wake wa mwanzo. Uliobaki ni wake.

Kilichowaunganisha kwa umbali huo kilikuwa gemu. Naam, gemu la kompyuta, na mzee mwenye mvi kidevuni. Binti alimfundisha akiwa bado shuleni, mama akiwacheka kutoka jikoni, na baada ya msiba lilibaki kuwa mahali pekee ambapo wawili hao waliweza kuongea bila mmoja wao kunyamaza ghafla. Kila Jumamosi alasiri Mstari alifunga duka lake la kinyozi mapema, akaketi kwenye meza iliyo chini ya dirisha la sebule, akavaa hedifoni, na binti akaingia kutoka bwenini kwake.

Kwa asiyelijua gemu hilo, nitaeleza kwa ufupi, na anayelijua anivumilie. Kila mchezaji ana kikosi chake cha meli za angani. Anachimba madini kwenye sayari, anajenga vituo, anafunga urafiki na kuuvunja, na siku ya pambano anazitoa meli zake kupigana. Kabla ya kutoka, meli hupita karakana, na huko ndiko mtu anakochagua mizinga. Kuna mizinga iliyofungwa kwenye mwili wa meli, isiyogeuka, inayopiga pale tu pua ya meli inapotazama. Hiyo inapiga mbali na inapiga kwa nguvu, ikimpata adui habari yake imekwisha. Lakini ukitaka kumpiga aliye kushoto, sharti uigeuze meli nzima. Halafu kuna mizinga inayokaa mgongoni mwa meli na kujizungusha yenyewe, ikimtafuta adui popote alipo. Nguvu yake ni ya wastani, ila haimsumbui mwenyewe. Baba na binti waliipa majina. Ile ya kwanza waliiita shingo ngumu, na ile ya pili feni.

Sasa, ili shingo ngumu ifanye kazi, mchezaji anabonyeza kipanya, anavuta mstari kwenye kioo, na pua za meli zake zote zinaufuata mstari huo, kisha zinaendelea kufuata kila kipanya kinakokwenda. Hebu kisia huyu bwana angechagua mizinga ipi. Kwa mkono ule uliotulia, meli zake ziligeuka zote kwa pamoja, taratibu, mpaka zikamkabili adui kana kwamba zimeshikwa na mtu mmoja. Ilikuwa raha kutazama. Hata waliokuwa wakipigwa waliandika pembeni ya kioo kumsifu, kisha wakalipuka.

"Feni ni za mtu asiyejua anataka kumpiga nani," alikuwa akisema.

"Baba, zako wakikupita nyuma umekwisha," binti anamjibu. Yeye mwenyewe alitumia feni, bila aibu.

"Nani atapita nyuma yangu na wewe upo?"

Na kweli hakuna aliyepita. Baba alikaa mbele na shingo zake ngumu, binti akakaa nyuma na feni zake akimlinda mgongo, na wakashinda mapambano mengi kwa mtindo huo mmoja. Miaka ikaenda, na Mstari akawa amezitukana feni kwa kila tusi linaloweza kusemwa mbele ya mtoto.

Kisha mkono ukaanza.

Ulianza na kidole gumba, jambo dogo tu, kidole kikicheza chenyewe juu ya meza wakati amepumzika. Akaulaumu uchovu. Chai ikaanza kumwagika kwenye kisahani, akalaumu kikombe. Wembe ukaanza kukwama, akabadilisha wembe, akabadilisha poda, akabadilisha hata taa ya dukani, kila kitu akabadilisha isipokuwa mawazo yake. Alipoona haifai, akajifunza ujanja. Akawa anaegemeza kiwiko kwenye bega la mteja. Akawa anasubiri mtetemo upungue, kisha anapitisha haraka haraka. Na maneno yakampungua. Wateja wakashangaa, fundi siku hizi habishani, labda ameokoka.

Siku moja alimkata mwalimu mstaafu, mteja wake tangu duka likiwa na kioo kimoja. Hakikuwa kidonda kikubwa, ila kilikuwa pale juu ya paji la uso, mahali ambapo wembe wake haukuwahi kutoa hata tone la damu. Mwalimu alitoa leso yake mwenyewe akajifuta.

"Nimetikisika mimi, fundi," alisema. "Nilitaka kupiga chafya."

Hakuwa ametikisika wala hakutaka kupiga chafya. Alishukuru, akaaga, na hakurudi tena. Baadaye Mstari alikutana naye barabarani, kichwa kimenyolewa vizuri na mtu mwingine, wakasalimiana kwa uchangamfu ambao hawakuwa wamewahi kuwa nao miaka yote ile. Mstari alirudi dukani akageuza kibao cha mlangoni, akakaa kwenye kiti cha wateja akijitazama kwenye kioo mpaka akajichukia.

Daktari alikuwa mwanamke makini mwenye sauti ya chini. Alimpa kalamu na karatasi, akamwambia achore duara linalojizungushia kwenda nje, kama konokono. Mstari alichora. Alipomaliza hakuhitaji kuambiwa kitu, kwa sababu mstari ule ulikuwa na meno kama msumeno.

"Ugonjwa huu haurudi nyuma," daktari alisema. "Dawa zitaupunguza mwendo. Baadaye utahitaji msaada wa kuvaa, kula, kutembea. Una mtu nyumbani?"

"Ninaye," alijibu Mstari, na uongo huo ulitoka laini kuliko kitu chochote alichokuwa amefanya siku hiyo.

Aliyegundua bila kuambiwa ni dada yake mkubwa, mjane aliyeuza vitambaa mtaa wa pili. Alizoea kuja kumwona siku asizouza vitambaa, akikagua jikoni kama mkaguzi wa serikali, na siku hiyo akamkagua mwenyewe.

"Mwambie mtoto," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba baba yake hawezi kufunga shati."

"Nafunga."

"Hicho kifungo kimeingia tundu la jirani. Umekaa nacho hivyo tangu asubuhi, sijui ni mtindo mpya."

"Dada, akijua ataacha chuo. Unamjua. Hatauliza mtu, atafunga begi."

"Ni haki yake kujua."

"Na ni haki yake kumaliza! Alishamuuguza mama yake, sasa aje aniuguze na mimi? Niapie hutamwambia."

Dada mtu alimtazama. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu ambacho Mstari hakupenda kukiona.

"Nakuapia," alisema mwishowe. "Ila ujue unanibebesha mzigo ambao si wangu."

Basi likabaki gemu. Dukani angeweza kujifungia, kwenye simu angeweza kusema kamera imekufa, na alisema hivyo, tena akaitukana kamera kwa ufundi mkubwa. Lakini Jumamosi alasiri ilikuwa lazima awepo, na akiwepo lazima apigane, na akipigana lazima achague mizinga. Hapo ndipo mtego ulipokuwa, na alijua ni mtego.

Maana alikuwa amejaribu. Siku moja, peke yake, akicheza na kompyuta yenyewe, alizivua meli zake zote shingo ngumu akazivisha feni. Akazielekeza upande wa adui, akaondoa mkono kwenye kipanya, akauweka mapajani ucheze huko utakavyo. Feni zikazunguka zenyewe, zikamtafuta adui, zikapiga. Akashinda akiwa ameketi kama abiria. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alijisikia kama mtu aliyelishwa kwa kijiko.

Lakini si fahari peke yake iliyomzuia, nisimwonee. Alipiga hesabu yake hivi: nikitokea Jumamosi na feni, mtoto ataniuliza kulikoni. Mimi niliyezitukana miaka yote, leo nimezivaa? Ni sawa na kumpigia simu na kumwambia mkono umekufa. Nikibaki na shingo ngumu, hata nikikosea kidogo, ni baba yule yule na ubishi wake ule ule. Ubishi ndio utakaomficha. Alilipima jambo hilo usiku na mchana, akaligeuza huku na huku, na kila alipoligeuza liliishia pale pale. Feni ni kukiri. Shingo ngumu ni kujificha.

Kwa hiyo akabaki na shingo ngumu, akaanza kuupiga vita mkono wake mwenyewe. Aliweka taulo lililolowa chini ya kifundo. Haikusaidia. Akachukua mkanda wa ngozi wa kunolea wembe, akaufunga mkono kwenye mkono wa kiti, akabakiza vidole tu. Hiyo ilisaidia kidogo, au alijidanganya kwamba inasaidia. Alifanya mazoezi kabla binti hajaingia, jasho jembamba likimtoka, akilenga vimondo visivyo na kosa lolote. Na binti alipoingia, Mstari alipaza sauti kuliko zamani, akatania kuliko zamani, akazitukana feni kuliko zamani.

Binti naye akawa anamsifu. "Hapo umepiga vizuri, Baba." "Leo uko moto, Baba." Zamani hakuwa mtu wa sifa hizo, walikuwa watu wa kuchekana. Mtu mwingine angejiuliza kilemba hicho cha ukoka ni cha nini. Mstari alikivaa.

Ikafika siku ya pambano kubwa, fainali ya ligi yao, jozi kwa jozi. Wapinzani walikuwa wenye sifa ya kupita ubavuni. Baba na binti wakakutana karakana, kila mmoja kwenye kioo chake.

"Baba," binti alisema, na sauti yake ilikuwa ya kupapasa. "Kwa nini usiweke feni leo? Hata meli mbili tatu tu. Wale wanapenda pembeni."

Ananipima, Mstari akawaza. Ananusa kitu, anataka kuona nitasemaje. Akacheka kicheko kikubwa mpaka hedifoni zikalia.

"Mimi? Feni? Siku utakayoona meli yangu ina feni, ujue nimekufa na kompyuta imeibiwa!"

"Ni wazo tu, Baba."

"Wazo lako lihifadhi. Kaa nyuma yangu kama kawaida."

"Haya," alisema. "Niko nyuma yako."

Mwanzo ulikuwa mzuri. Wapinzani walikuja wote kwa mbele, na hata mkono unaotetemeka hauwezi kukosa ukuta. Kisha wakagawanyika, kundi moja likakata kushoto. Mstari akabonyeza, akavuta mstari kuzigeuza pua. Mkanda ukamkaza, vidole vikaruka, mstari ukaenda mrama. Meli zote zikazunguka kupita kiasi, nyingine mpaka nyuma kabisa, na kidole chake kikiwa bado kimebonyeza, shingo ngumu zote zikafyatuka kwa pamoja.

Zikampiga binti. Ziliipasua meli yake kuu, ile aliyoijenga kipande kwa kipande tangu alipoanza gemu, aliyoipa jina la mama yake. Ilipasuka bila sauti, kwa sababu Mstari alikuwa ameng'oa hedifoni kichwani kwa mshtuko. Alipozirudisha, binti alikuwa akiongea.

"... kosa langu, Baba. Nimeingia mbele yako. Nimekaa vibaya."

Hakuwa ameingia mbele. Alikuwa nyuma, pale pale alipokaa miaka yote. Mstari alijua hilo kama anavyojua jina lake. Na bado, Mungu amsamehe, akalipokea kosa lile kwa mikono miwili, kisha akaongeza na la kwake.

"Mara ngapi nimekwambia usinikatize?" alifoka. "Mara ngapi? Ona sasa! Umetufungisha!"

"Nisamehe, Baba."

"Uwe makini!"

"Nitakuwa makini."

Walishindwa. Binti akamtakia jioni njema, akatoka. Mstari alikaa mbele ya kioo akiwa amefungwa kitini, akiona aibu. Lakini katikati ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine, na nitakisema kwa kuwa ni kweli: kulikuwa na ahueni. Hajajua. Amedhani ni kosa lake. Nimempiga, nimemfokea, nimemwonea, lakini hajajua, na Jumatatu ataamka aende karakana ya kweli, avae ovaroli, ashike injini. Akajiambia kwamba hilo linatosha. Akajiambia tena na tena.

Jumamosi iliyofuata alifunga duka mapema kama kawaida, ingawa siku hizo kulifunga na kulifungua kulikuwa kitu kimoja. Alifunga mkono, akavaa hedifoni, akaanza mazoezi. Binti hakuingia. Mstari akaona amekasirika, na ni haki yake. Akapanga namna ya kumwomba radhi bila kueleza chochote. Alikuwa anavuta mstari, meli zikigeuka kuelekea kimondo, alipohisi mkono begani.

Hakuwa amesikia ufunguo mlangoni. Aligeuza kichwa akamwona binti yake amesimama nyuma yake, vumbi la safari usoni, begi kubwa bado limening'inia begani. Alitaka kuruka asimame amkumbatie. Akashindwa. Mkanda ulikuwa umemfunga kitini.

Binti aliona mkanda. Aliweka begi chini, akapiga magoti, akaufungua taratibu, akausugua mkono wa baba yake pale ulipoacha alama. Mkono ulitetemeka ndani ya viganja vyake, na hapakuwa na mahali pa kuuficha.

"Umefuata nini?" Mstari aliuliza. "Mmefunga? Ni likizo?"

"Si likizo, Baba."

"Basi rudi. Rudi sasa hivi, bado kuna gari."

"Nimesharudisha ovaroli. Kitanda changu amepewa mwingine."

"Mkuu wa chuo alisemaje?"

"Alisema alichosema siku ile."

Kila kitu alichokificha, kila uongo, kamera, kicheko, fedheha ile ya kumfokea mtoto aliyemwonea, vyote vilikuwa vimelinda kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kimepiga magoti mbele yake na vumbi usoni. Mstari akatafuta wa kumlaumu.

"Ni shangazi yako," alisema. "Aliniapia! Mwanamke yule aliniapia!"

"Shangazi hajui hata kama nimefika."

"Nani basi? Daktari? Nani amemwaga mtama?"

Binti alivuta kiti akaketi karibu naye. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia, sauti ile ile aliyoitumia kumbembeleza mama yake.

"Tazama, Baba," alisema, akimwonyesha kioo. "Usitazame unacholenga. Tazama meli zako."

Mkono wa Mstari ulikuwa umerudi juu ya kipanya, kwa mazoea tu. Akatazama. Pale angani, kikosi chake kizima kilikuwa kinatikisa pua, kulia na kushoto, kulia na kushoto, bila kupumzika, meli zote kwa pamoja. Zilikuwa zinafanya hivyo tangu alipoketi. Zilikuwa zikifanya hivyo kila Jumamosi. Na yeye hakuwahi kuona, kwa sababu maisha yake yote ya kazi kinyozi hatazami mkono wake, anatazama kichwa cha mteja. Angani vilevile alikuwa akimtazama adui. Lakini binti alikuwa nyuma yake, na aliye nyuma anatazama meli.

"Mwanzoni nilidhani ni mtandao," binti alisema. "Nikawauliza wengine, wakasema na wao wanaona hivyo hivyo. Kisha nikaona zinatulia kidogo, halafu zinaanza upya, na kila wiki zinazidi. Nikamwonyesha muuguzi wa chuo. Akaniuliza ni nani anayeziendesha."

Kulikuwa na swali moja lililobaki, na Mstari alijua asiliulize, na akaliuliza.

"Kama ningeweka feni?"

Huyo mtoto hakuwa mwongo, na hilo alilirithi kwa mama yake.

"Feni zinajizungusha zenyewe," alisema polepole. "Pua ingetulia. Ungeweka tangu mwanzo, nisingejua. Ningecheka tu, ningesema mzee amekubali yaishe."

Nje mtu alikuwa anafunga geti, na gari likapita. Mstari alikaa akiutazama mkono wake, na ndani yake hapakubaki kitu cha kusimamia. Alikuwa amechagua yeye. Alipima usiku na mchana, akachagua mizinga iliyomtangaza, akaitukana ile ambayo ingemsitiri, na mtoto alipomnyooshea njia kule karakana, akamcheka. Laiti angekuwa dada yake aliyevunja kiapo, angekuwa na mtu wa kugombana naye mpaka kufa.

"Mama," alisema.

"Naam, Baba."

"Niambie ni shangazi yako."

"Baba..."

"Nakuomba. Sema tu. Sema ni shangazi yako aliyekwambia."

Binti alimtazama baba yake, mtu aliyebishana na kila kiumbe na kushinda, akiomba kitu hicho kwa sauti ya mgonjwa anayeomba maji. Kisha akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akaubana kifuani.

"Haya, Baba," alisema. "Ni shangazi."

Mstari akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika na jibu, kisha akalia kwa sauti, na binti hakujaribu kumnyamazisha.